Kukadiria umbali na muda wa safari ya ndege kutoka Nairobi

Wateja wangu wengi husoma saa zilizoandikwa kwenye tiketi, wakatoa, wakapata Dubai ni saa sita. Sivyo. Kama una simu yenye kalkuleta, fuata njia tunayotumia sisi wakata tiketi.

1. Jua uwanja. Msimbo NBO ni Jomo Kenyatta (JKIA), kule Embakasi; WIL ni Wilson, upande wa Lang'ata. Kwa umbali, tofauti ni ndogo. Kilicho muhimu ni ndege yenyewe: Wilson ni makao ya ndege ndogo za rafadha, na Cessna Caravan inayokwenda Mara hukimbia kama kilomita 300 kwa saa. Jeti huenda 800 hadi 900.

2. Pata umbali. Usipime kwa barabara. Ndege haipiti Voi wala Mtito Andei. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwenye ramani ya simu. JKIA iko 1.32 kusini, 36.93 mashariki, uwanja wa Moi, Mombasa, uko 4.03 kusini, 39.59 mashariki. Tofauti ni 2.71 na 2.66. Huku kwetu karibu na ikweta nyuzi moja ni takriban kilomita 111 pande zote, kwa hiyo unapata 301 na 295. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili (alama ya √ kwenye kalkuleta): kilomita 420 na ushei. Kwa barabara ni kama 480.

Hesabu hii inafaa Mombasa, Kisumu, hata Entebbe. Ukienda mbali kaskazini itakudanganya, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kuelekea ncha ya dunia. Kwa London tumia kikokotoo cha mtandaoni kinachofuata mviringo wa dunia. Kitakupa takriban kilomita 6,840.

3. Geuza umbali kuwa muda. Gawa kwa mwendo wa ndege, kisha ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Mombasa: 420 kwa 800 ni dakika 32 hivi, ukiongeza nusu saa inafika saa moja. Ndiyo maana safari fupi huonekana ya polepole: karibu nusu yake si mwendo kamili. London: 6,840 kwa 850 ni saa nane, jumla nane na nusu. Tiketi mara nyingi huonyesha zaidi kidogo, maana mashirika huacha nafasi ya foleni.

4. Upepo. Kwa safari za ndani usijisumbue. New York ndiyo utauona: kwenda ni kama saa 15, kurudi 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi.

5. Linganisha na tiketi. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Ukitoka hapa 16:30 na kutua Dubai 22:30, toa saa moja, kwani Dubai wametutangulia: ni saa tano. Ukirudi, ongeza hiyo moja. London ni wewe uliye mbele, kwa saa tatu majira yao ya baridi na mbili kiangazi.

Na ukiona 00:30 Jumanne, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Mwambie dereva wa teksi aje Jumatatu jioni.