Somo: Siki ya epo ya nyumbani, kuanzia ganda hadi kachumbari

Kwanza jina. Sisi wa Tanga ukitutajia tofaa tunaona lile tunda jekundu la majimaji linaloota uani, si hili la kununua kwa muuza matunda. Kwa hiyo nitasema epo, kama tunavyosema sokoni.

Siki mbichi ni ile ambayo haikuchemshwa wala kuchujwa mpaka ikatakata. Ukiinua chupa kwenye mwanga unaona tope jepesi na vijinyuzi vinaelea. Vijinyuzi hivyo ndivyo watu wanaita mama wa siki: utando unaofumwa na bakteria wanaotengeneza siki. Watu wanausifia kama dawa ya kila kitu. Mimi nausifia kwa sababu moja: ukiwa nao, siki inayofuata inawahi.

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa hutaharibu chupa. Siki inachachuka mara mbili. Mara ya kwanza chachu, ambayo imo kwenye maganda yenyewe, inakula sukari na kutoa pombe. Mara ya pili bakteria wanaigeuza pombe ile kuwa asidi, na hao bila hewa hawafanyi kazi. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha miaka ya 1860 kwamba hii ni kazi ya viumbe hai. Mimi nililijua kwa njia nyingine. Chupa yangu ya kwanza niliikaza kifuniko, nikaenda msibani siku nne. Niliporudi na kuifungua, povu liliruka hadi kwenye pazia, na jikoni pakanuka kilabu. Mume wangu aliuliza kama nimeanza biashara.

Vifaa. Epo kilo 1 (zilizobonyea sawa, zilizooza hapana), maji lita 1, sukari vijiko 6 vya chakula, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipande cha kanga safi na mpira wa kufungia. Usitumie sufuria ya alumini, asidi inaila. Epo za Lushoto au Njombe zikiwa msimu ni nzuri sana. Zile zinazong'aa kutoka nje mara nyingi zimepakwa nta, zisugue kwa maji ya uvuguvugu.

Hatua ya 1. Katakata epo pamoja na ganda na kitovu, toa mbegu. Koroga sukari kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, mimina mpaka vipande vizame. Kinachoelea kinaota ukungu, kwa hiyo kandamiza kwa kisahani kidogo. Acha nafasi ya vidole vitatu juu.

Hatua ya 2. Funika kwa kanga, funga mpira. Kitambaa kiwe kimefumwa vizuri, maana vile vijinzi vya matunda vinapita hata kwenye chandarua. Koroga kila siku kwa mwiko safi. Kwa joto la pwani, siku ya tatu utasikia vipovu vinachemka kama togwa. Usiogope, ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 3. Baada ya siku 10 hadi 14 vipovu vinapungua na vipande vinaanza kuzama. Chuja, tupa makapi kwenye mbolea. Ukiwa na siki mbichi ya zamani, ongeza nusu kikombe. Rudisha chupani, funika tena kwa kitambaa, weka kabatini pasipo na jua.

Hatua ya 4. Subiri wiki 4 hadi 6 na usiitingishe, utando unaumbika juu. Onja kila wiki kwa kijiko safi. Siku ukionja na shavu likavutika ndani lenyewe, imeiva. Hapo sasa chuja, tia kwenye chupa na ukaze kifuniko.

Matumizi. Mimi naitumia zaidi kwenye kachumbari: kijiko kimoja kwa bakuli, mwishoni kabisa, kitunguu kibaki kinalia mdomoni. Vijiko viwili kwa kilo ya nyama ya mishkaki. Kwa kunywa, kijiko 1 cha chakula kwenye glasi iliyojaa maji, pamoja na chakula, kisha sukutua na usipige mswaki kwa nusu saa. Kavu kavu haipigwi: inakula meno na kuunguza koo. Birika lenye ukoko wa maji ya kisima linasafishwa kwa siki na maji nusu kwa nusu, lakini kwa kazi hiyo nunua ile nyeupe ya bei rahisi. Sakafu ya marumaru au terazo usiisogelee. Na kamwe usichanganye siki na jiki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo shangazi. Juu ya yangu kuna kitu kama jeli, nitupe?*
Marahaba mwanangu. Usitupe, huyo ndiye mama, mgawie na jirani. Utando mweupe wenye mikunjo uengue tu. Ukiona manyoya ya kijani au meusi, mwaga chupa nzima.

*Kwa kuwa inapitia pombe, ni halali?*
Siki yenyewe imesifiwa: katika Hadithi, Mtume (s.a.w.) ameitaja kuwa kitoweo kizuri. Pombe iliyogeuka siki yenyewe, wanazuoni wameafikiana kuwa ni halali. Walipotofautiana ni pale mtu anapoigeuza kwa makusudi. Hapo muulize ustadhi wako, si mimi.

*Mama yangu ana kisukari. Ameambiwa anywe siki aache vidonge.*
Asiache! Mwaka 2004 Carol Johnston na wenzake huko Arizona, Marekani, walipima watu 29 na kuona siki kabla ya mlo inasaidia mwili kuitumia insulini vizuri zaidi. Watu 29 ni wachache, na hakuna aliyesema itupeni dawa. Tena siki inachelewesha chakula kutoka tumboni, na kwa anayechoma insulini au kunywa dawa za kukojoza inaweza kuleta matatizo. Amwambie daktari kwanza.

*Na kitambi je? Niliona utafiti wa Lebanon unasema watu walipungua sana.*
Ule wa 2024, wa vijana 120. Jarida lililouchapisha liliufuta 2025 kwa sababu ya kasoro kwenye takwimu zake. Waliokusambazia utafiti sidhani kama wamekusambazia na habari ya kufutwa kwake.

*Naweza kuitumia kwa achari ya embe ya kukaa miezi?*
Hapana. Achari ya kukaa inataka asidi ya asilimia 5, na yetu ya nyumbani hujui imefika ngapi. Tumia ya dukani iliyoandikwa kiwango. Achari ya kula wiki hii, ikiwa kwenye friji, sawa.

*Yangu inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.*
Pombe na asidi zimekutana kabla kazi haijaisha. Ikoroge, badilisha kitambaa kama kimelowa, iache ipate hewa wiki mbili nyingine, halafu uninusie tena.