Kupima kumbukumbu ya panya anayebalehe: chunga harufu kwanza

Nimemaliza kumsaidia binti wa kaka yangu, anayesoma biolojia hapa Mwanza, kupima kumbukumbu ya kazi kwa panya wa maabara, yaani kushika jambo kichwani kwa sekunde chache huku ukilitumia. Kazi hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huchelewa kukomaa. Wakati wa balehe, miunganiko mingi ya neva hapo hupunguzwa.

1. Fundi seremala akutengenezee njia ya mbao yenye umbo la T, na vilango vya kushusha. Ipakwe rangi ya mafuta. Mbao tupu hunyonya mkojo.

2. Panya huachishwa kunyonya siku ya 21, hubalehe takribani siku ya 28 hadi 42, na siku ya 60 amekomaa. Muda ni mfupi, mzoeshe mikono yako mapema. Usipime panya yuleyule udogoni na ukubwani, maana mazoezi yatakudanganya. Gawa ndugu wa tumbo moja: wengine uwapime wadogo, wengine wakiwa wakubwa.

3. Ziba mkono mmoja wa T, aingie ulio wazi ale. Mrudishe mwanzo wa njia, mfungie hapo sekunde 5, kisha fungua pande zote. Sasa chakula kiko upande wa pili. Baadaye ngoja sekunde 30, kisha 60.

4. Harufu. Hapa tulipoteza siku tatu. Tulitega dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na wadogo wakapatia karibu kila mara, hata baada ya dakika nzima. Tulifurahi sana. Kisha tukaacha vibakuli vya chakula vya pande zote vitupu: wakabahatisha, nusu kwa nusu. Walikuwa wakinusa tu! Achana na dagaa kabisa. Tumia chenga za biskuti, na uweke nyingine chini ya wavu, asikoweza kuzifikia, pande zote mbili ili harufu ilingane. Kila baada ya mbio futa T yote kwa spiriti ya asilimia 70, ikauke. Ukifuta mkono mmoja tu, spiriti yenyewe inakuwa alama. Igeuze T ielekee upande mwingine kila siku, na rudia jaribio la vibakuli vitupu.

5. Njaa: panya hupunguziwa chakula ili akitafute kwenye T, lakini mdogo bado anakua, kwa hiyo linganisha uzito wake na ndugu anayekula atakavyo, si na uzito wake wa jana. Asiyeongezeka wiki nzima anateseka, mlishe.

6. Rusha sarafu kuchagua upande wa kuziba, andika kabla ya kuanza. Wadogo wakikosea zaidi kadiri kungoja kunavyorefuka, hiyo ni kumbukumbu. Wakikosea vilevile hata kwa sekunde 5, huenda hawajaelewa kazi yenyewe. Rudi hatua ya 3.