Somo: Kutibu mzizi wa jino, tangu ganzi hadi mfuniko

Mwangaluka wana Tabora, na wenzetu wa Kigoma hamjambo. Somo hili nimeliandika kwa watu wawili: tabibu wa meno aliyeko kituoni, na mgonjwa anayetaka kujua atafanywa nini akishalala kwenye kile kiti. Wa pili akiona nimezama kwenye vifaa, aruke mistari, tutakutana mbele.

Tuanze na jino lenyewe. Jino linalokuamsha usiku, ukinywa chai ya moto linapiga mpaka sikioni, neva yake mara nyingi imeshafika pasipo marejeo. Vidonge haviliponyi. Mtu anameza amoksilini na flajili, uvimbe unashuka, anatangaza kupona, kisha baada ya muda yuko palepale. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Dawa hizo zina kazi yake pale uvimbe unaposambaa usoni au homa inapopanda, lakini chanzo kinabaki ndani. Zinabaki njia mbili: kung'oa, au kusafisha mzizi na kuuziba. Huku kwetu tumezoea mno ya kwanza. Mtu ana jino la mbele lenye mzizi imara kabisa, anakwambia "toa tu, daktari".

Hatua ya 1: Jino linafaa kuokolewa? Gonga kwa mpini wa kioo, jaribu kwa ubaridi, piga eksirei. Kisha tazama kilichobaki juu ya ufizi. Ukikosa ukuta mzima wa jino wa kama milimita 2 kuzunguka, au mzizi umepasuka kwa urefu, mwambie mgonjwa ukweli mapema kabla hajatoa hela yake.

Hatua ya 2: Ganzi. Lidokeini ya asilimia 2 yenye adrenalini inatosha kwa wengi. Gego la chini lenye maumivu makali ndilo linalosumbua: uvimbe huleta asidi, na asidi hudhoofisha ganzi. Choma, subiri dakika 10 hadi 15, jaribu tena kwa ubaridi, ongeza pembeni mwa jino ikibidi. Mgonjwa akisema "endelea, nitavumilia", usiendelee.

Hatua ya 3: Shuka ya mpira. Hii karatasi ya mpira yenye tundu, inayobanwa kwenye jino kwa kibanio, ilianza na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, na mpaka leo wapo wanaoiona anasa. Inazuia mate yasiingie kwenye mzizi, na inazuia faili, kile kisindano chenye meno cha kukwangulia ndani ya mzizi, isiingie kooni.

Hatua ya 4: Kufungua na kupima. Ondoa uozo wote kwanza, ndipo uingie. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu lakini mara nyingi mifereji minne, yaani vinjia vyembamba vya neva ndani ya mizizi. Ule wa nne umejificha karibu na ule wa mbele upande wa shavu, na ndio unaosahaulika. Urefu upimwe kwa kipimo cha umeme kisha uhakikishwe kwa eksirei. Tunalenga nusu milimita hadi milimita moja kabla ya ncha inayoonekana kwenye picha.

Hatua ya 5: Kupanua na kuosha. Hapa nakaa, maana hapa ndipo jino linapopona.

Faili zina rangi duniani kote: namba 10 zambarau, 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 bluu, 35 kijani, 40 nyeusi. Namba ni unene wa ncha. 25 ni robo milimita. Anza na nyembamba, usiruke namba, na kila ukibadilisha faili, osha. Za chuma hukupa onyo: nyuzi zake zinaanza kufunguka, unaitupa. Za nikeli na titani hupinda vizuri kwenye mizizi iliyojikunja, lakini zikichoka hukatika bila kuaga.

Faili haigusi kuta zote za mfereji. Palipobaki panasafishwa na dawa ya maji ya sodiamu haipokloraiti, kati ya asilimia 0.5 na 5.25. Inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyooza. Utaona vipovu vidogo vikipanda kwenye mdomo wa mfereji, na hapo ujue kuna nyama bado. Tumia sindano nyembamba yenye tundu la pembeni, isibane ndani ya mfereji, ikae pungufu ya urefu uliopima, sukuma polepole kwa kidole cha shahada. Ikipita nje ya mzizi mgonjwa ataruka kwa maumivu na shavu litavimba papo hapo. Chupa iwe ya giza, mbali na joto. Joto la Kigoma linaimaliza nguvu nawe bado unaiona imejaa. Mwishoni osha kwa dawa ya maji iitwayo EDTA, ya asilimia 17, kuondoa vumbi la jino. Usichanganye haipokloraiti na kloheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu: hutoka mashapo ya kahawia yanayoziba njia.

Hatua ya 6: Kuziba. Usaha ukiwa bado unatoka, weka kalsiamu haidroksaidi, dawa ya kuua vijidudu inayoachwa ndani ya mfereji, funga, mgonjwa arudi baada ya wiki moja au mbili. Mfereji ukiwa mkavu, ziba. Tunazibia gata-pacha, vijiti laini vya kujazia mfereji; hutokana na utomvu wa mti, ingawa sehemu kubwa ya kijiti chake ni zinki oksaidi. Kijiti kikuu kifike kwenye urefu na kikatae kidogo ukikivuta. Paka simenti ya mzizi, sukuma pembeni kwa kibanizi, ongeza vijiti vyembamba mpaka pajae, kata kwa chuma cha moto. Simenti za kisasa za bayoseramiki ni nzuri, lakini haziokoi mzizi uliooshwa vibaya.

Hatua ya 7: Mfuniko. Mzizi uliozibwa vizuri chini ya mfuniko unaovuja utaoza upya. Gego linahitaji kofia, au angalau kijazo kinachofunika vilele vyote, vinginevyo siku moja linapasuka kwa punje ya mahindi ya kuchoma. Kidonda kwenye mfupa unaozunguka ncha ya mzizi hupona taratibu. Eksirei ya kuangalia ipigwe baada ya mwaka.

Maswali

*Mama, Ujiji: Shikamoo daktari. Jino langu liliuma sana, sasa haliumi kabisa, ila kuna kipele kwenye ufizi kinatoa maji ya chumvichumvi. Niache?*

Marahaba mama. Usiache. Neva imekufa, ndiyo maana kimya, na kipele hicho ni njia ya usaha. Mzizi ukitibiwa kipele hufunga chenyewe; hakihitaji kupasuliwa.

*Tabibu, Kibondo: Mkuu, shuka za mpira zimeisha. Nitumie pamba?*

Pamba haizuii faili kumezwa. Fungua jino, toa usaha, weka dawa na kijazo cha muda, kisha agiza shuka. Kuziba mizizi kusubiri.

*Kijana wa dagaa, Kalya: Kuja mjini ni boti. Haiwezekani kumaliza siku moja?*

Inawezekana, hasa jino la mzizi mmoja lisilo na usaha, na matokeo hayapishani sana na ya siku mbili. Sema mapema unakotoka, tabibu apange muda. Ukilazimika kuondoka na kijazo cha muda, kisiwe chembamba chini ya milimita 4, na usikae nacho miezi.

*Mwalimu, Urambo: Mwanafunzi wa miaka 8 ameanguka, jino la mbele limekatika na katikati kuna kidoa chekundu.*

Mwalimu, aende leo. Kwa umri huo ncha ya mzizi bado iko wazi, hivyo tunajaribu kukilinda kiini, ile nyama hai ya jino inayoonekana kama kidoa, badala ya kukitoa, kwa kukifunika na MTA (aina ya simenti ya meno) au kalsiamu haidroksaidi, ili mzizi uendelee kukua. Kipande kilichokatika mkikipata, kiwekeni kwenye maji safi mje nacho; mara nyingi hubandikwa.

*Dada, Nzega: Nina mimba ya miezi mitano, naogopa ganzi na eksirei.*

Dada, lidokeini ni salama kwako, na eksirei ya jino moja ina mionzi kidogo sana. Miezi hii ya katikati ndiyo mizuri kwa matibabu. Wakishakulaza, wakuinamishe kidogo upande wa kushoto.