Kijana wenu amenyamaza huko nje? Anzeni hivi

Naandikia familia za hapa Uganda zenye kijana alienda kyeyo (kazi za nje), masomo au kutembea tu, Dubai, Riyadh, Istanbul, popote, alafu simu ikakatika na mpaka leo hakuna habari. Wengi huwa wanangoja, wanasema labda bosi amemnyang'anya simu, labda bando imeisha, na hivyo mwezi unapita. Msingoje. Kama alikuwa anaongea na nyumbani kila siku mbili na sasa wiki nzima kimya, hiyo inatosha kwenda polisi.

Lakini kabla ya kutoka nyumbani, kusanyeni simu zote alizokuwa anapigia, ya mama, ya dada, ya rafiki wa karibu, mpige skrinshoti za kila kitu: meseji za mwisho na saa zake, saa alipoonekana onlaini mara ya mwisho, ile tiki moja ambayo haijawai kuwa mbili. Emirates (nchi ya Dubai) simu za WhatsApp zimefungwa, kwaiyo vijana wengi wanapigia app zingine kama Botim au imo, angalieni na huko. Voisi zake msifute hata moja, kaeni mahali pametulia mzisikilize upya, saa ingine nyuma yake unasikia mtu anaita jina la mtoto wa nyumba ile, au jina la mtaa linatajwa, na hicho kinaweza kuwa kitu pekee mnachojua kuhusu nyumba alikokuwa.

Nunueni kaunta buku, apewe mtu mmoja tu katika familia, na huyo ndo atakuwa anaongea na ofisi zote. Aandike namba ya paspoti (kama hamna kopi, ajenti anayo), jina vile liko kwenye paspoti hata kama nyumbani mnamwita vingine, siku aliyoondoka, ndege, jina la aliyemtumia viza, na alama za mwilini kama mwanya, kovu, kidole kilichopinda. Boksi la simu yake likiwepo, ile IMEI ya tarakimu 15 nayo iandikwe. Na kama hakupitia Entebbe, alipanda basi Busia au Malaba akaenda kurukia Nairobi, semeni ukweli, najua watu wanaogopa juu makaratasi hayakuwa sawa, lakini mkidanganya polisi watatafuta kwenye rekodi za Entebbe, hawatapata kitu, na nyinyi mtakuwa mmepoteza muda wa mtoto wenu.

Polisi nendeni na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), picha na kitambulisho. Mtu akiwaambia mngoje masaa 24, muombeni kwa heshima aandike sasa hivi, na msitoke bila namba ya SD, ile ya kitabu cha kituo wanapoandika ripoti. Alafu muombe faili ipelekwe Interpol (ushirikiano wa polisi wa nchi nyingi) ofisi ya Kampala, ambao ni polisi hawa hawa wa Uganda. Familia haiombi yenyewe kule makao makuu Lyon, ni Kampala wanaomba notisi ya njano, ile ya watu waliopotea, na ikitoka inafika kwa polisi wa nchi wanachama, ziko 196. Notisi haimaanishi kuna askari ameshavaa viatu kwenda kumtafuta. Kazi yake kubwa ni kwamba jina lake likitokea mpakani au kituoni, wamjue ni nani.

Siku hiyo hiyo au kesho yake, Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wetu wa kule. Msiulize tu "mmemuona?" Ombeni kwa maandishi waulize magereza, vituo vya kurudisha watu, hospitali na mochwari. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mtu aliyefungwa haki ubalozi wake ujulishwe, ila mara nyingi lazima aombe mwenyewe, na vijana wengi hawajui. Kama alipelekwa na kampuni ya kazi, nendeni pia Wizara ya Jinsia na Kazi, ndo inatoa leseni za hizo kampuni. Mkihisi aliuzwa, kuna ofisi ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria yake ipo toka 2009. Kama njia yake ilikuwa Libya na bahari, Msalaba Mwekundu wana watu wa kutafuta ndugu waliopoteana, na hawadai pesa.

Mkiposti picha yake, matapeli watapiga, hilo jueni mapema, watasema wako naye na tuma mobile mani sasa hivi. Pangeni swali ambalo ni kijana wenu tu anajua, kama mwalimu aliyempiga darasa la tatu alikuwa nani, na bila jibu hata shilingi isitoke.

Miezi ikipita, faili inalala. Pigeni kila mwezi, tarehe moja, mkitaja namba ya SD. Mama au baba aulize polisi kuhusu kutoa sampuli ya DNA, nayo inaumiza kuliko yote haya, mtu aende naye. Laini ya mama iwekwe kredit isikatwe, ndiyo namba kijana anayoijua kwa kichwa. Na kama aliacha shamba au akaunti, Uganda kuna sheria ya mali za watu waliopotea, baada ya miezi sita ndugu anaweza kuomba korti amruhusu kuzisimamia, na korti itataka kujua mmemtafuta wapi na wapi.