Kulinganisha rangi za Canon na Sony kwenye picha za raw

Kama umepiga shughuli moja kwa Canon na Sony kwa raw (faili ghafi za kamera), usianze kuvuta slaida za rangi kabla hujacheki profaili, yaani mpangilio unaoamua programu isome vipi rangi za kamera. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, weka zote profaili ya Adobe Standard, halafu waiti balansi (kurekebisha rangi ya mwanga ili nyeupe ionekane nyeupe) usikopi namba tu, maana 5500 ya kamera hii sio lazima ifanane na 5500 ya ile, chukua pipeti, kile kialama cha kuchagulia rangi, ubofye kitu kilekile cha kijivu kwenye picha zote mbili. Sawazisha na mwanga pia, picha yenye giza rangi zake huonekana nzito.

Ukiwa na ColorChecker, kadi ya vibao 24 vya rangi, ipige kwa kila kamera chini ya mwanga uleule utengeneze profaili, hiyo ndo njia ya uhakika. Ngozi bado inagoma? Sogeza chungwa kidogokidogo kwenye HSL (slaida za kurekebisha kila rangi peke yake), picha zikiwa ubavu kwa ubavu.