Kutoboa na kupiga milingi: kitako cha mota ya mashine ya kusaga

Mota ya mashine ya kusaga unga haifungwi kwenye matundu ya duara. Mkanda hulegea, na ukilegea lazima uweze kuisogeza mota kidogo bila kung'oa kitako chote. Kwa hiyo kitako huwekewa matundu manne marefu. Ni kazi nzuri ya kujifunzia, maana kuna kutoboa na kuna milingi (kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ndani yake.

Mfano wetu ni mota ya kW 7.5, yaani nguvu za farasi 10, ya fremu (saizi ya mwili wa mota) 132M. Kwa vipimo vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, matundu ya miguu yake yako umbali wa mm 216 kwa kukatiza shafti na mm 178 kwa kufuata shafti, na hufungwa kwa bolti za M10, yaani za kipenyo cha mm 10. Tafuta bamba la chuma laini lenye unene wa mm 12, urefu mm 320, upana mm 240. Kila tundu refu litakuwa na upana wa mm 12 na urefu wa mm 60, likielekea upande mota inakovutwa mkanda ukikazwa.

Kabla ya lolote, elewa hili: biti ya drili hukata kwa ncha yake tu, kisu cha milingi hukata kwa ubavu. Ukiisukuma biti kando, inapinda au inavunjika. Na usidanganyike kufunga kisu cha milingi kwenye mashine ya drili. Katika mashine nyingi za drili chaki, yaani kishikio cha biti, imeshikiliwa na koni peke yake, na ukiisukuma kwa ubavu hulegea na kudondoka huku ikizunguka. Nasema hivi kwa sababu kila karakana isiyo na mashine ya milingi hujaribu ujanja huo.

Hatua ya 1: kuchora

Nyoosha kwa tupa ukingo mmoja mrefu na mmoja mfupi hadi skwea ikae bila kuonyesha mwanga. Vipimo vyote vitaanzia hapo, wala usibadilishe ukingo katikati ya kazi. Paka chaki ya kuandikia, kisha chora mistari miwili ya kufuata urefu wa bamba, mm 31 na mm 209 kutoka ukingo mrefu ulionyooshwa. Weka alama za vituo vya matundu mm 52 na mm 268 kutoka ukingo mfupi ulionyooshwa.

Sasa pima kona kwa kona, kituo hadi kituo. Mishazari yote miwili itoe mm 280. Ikitofautiana, futa uchore upya. Panchi ikishagonga, kurekebisha ni shida.

Mwishoni, kwenye kila mstari, weka alama mm 24 upande huu na upande huu wa kituo. Hapo ndipo kitovu cha kisu kitaanzia na kuishia.

Hatua ya 2: kutoboa

Piga panchi kwenye alama ya nje ya kila tundu. Funga bamba kwa vibano juu ya meza, na ubao chini yake. Usilishike kwa mkono hata kama ni zito: biti inapotokeza upande wa pili hunasa, na bamba huzunguka nayo. Vua glovu, funga mikono ya shati, toa ufunguo wa chaki kabla ya kugusa swichi.

Kasi ipige hesabu. Kwa biti ya chuma cha haispidi kwenye chuma laini, anza na mita 25 kwa dakika: zidisha 25 kwa 318, kisha gawa kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya mm 5 inapata mizunguko kama 1,590 kwa dakika. Ya mm 11.5 inapata kama 690. Kadiri biti inavyonenepa ndivyo kasi inavyoshuka, na hapa ndipo biti nyingi huungulia.

Tangulia na mm 5, ufuate na mm 11.5. Tia mafuta ya kukatia, inua biti mara kwa mara chenga zitoke. Biti iliyonolewa sawa hutoa chenga za mviringo pande zote mbili. Zikitoka upande mmoja tu, midomo hailingani na tundu litakuwa kubwa kuliko biti; inoe upya. Chenga zikigeuka buluu, punguza kasi. Ukikaribia kutokeza, legeza mkono.

Hatua ya 3: milingi

Weka bamba juu ya vipande viwili vya chuma vya unene sawa, mbali na njia ya kisu, usije ukachonga meza. Pitisha saa ya kupimia (kipimo chenye sindano) kwenye ukingo uliounyoosha huku ukisogeza meza. Sindano isipotembea, kaza vibano.

Tumia kisu cha mm 12 chenye meno mawili, mizunguko kama 660. Kishushe ndani ya tundu ulilotoboa, chukua kina cha mm 3, sogeza meza mm 48, kisha rudi na ushuke tena. Mapito manne yanamaliza unene. Ongeza kidogo kisu kitokeze chini. Kwa ulaji wa mm 0.05 kwa kila jino, meza inatembea kama mm 66 kwa dakika, yaani polepole kweli. Mashine ikitetemeka, punguza kina kwanza.

Gurudumu la mkono lina mchezo, yaani huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Kila kipimo ukifikie kwa kuzungusha upande uleule. Ukipita, rudi nyuma zaidi kisha uje tena mbele. Mhimili usiotumika, yaani upande ambao meza haisogezwi, ufunge kwa breki yake.

Ondoa makali kwa tupa, kisha jaribu bolti ya M10 kutoka mwisho hadi mwisho.

Huna mashine ya milingi?

Kwenye mstari uleule toboa matundu ya mm 10 yaliyoachana mm 11 kitovu hadi kitovu, kata vijisehemu vilivyobaki kwa patasi, kisha malizia kwa tupa bapa. Ni jasho jingi, lakini mota haitajua tofauti.