Kufundisha Kiingereza Bukavu bila kuzima lugha ya nyumbani

Darasa langu la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lina wanafunzi 58. Mtaani ni Kiswahili, kwa bibi ni Mashi au Kihavu, mbele ya mwalimu ni Kifaransa. Kiingereza kinakuja cha nne. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Siku ya kwanza uliza lugha za nyumbani. Uliza lugha, usiulize kabila. Hapa kwetu maswali hayo mawili hayana uzito mmoja. Anayeficha mwache. Nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema Mashi, na aibu ile haikuisha siku moja.

Hatua ya 2. Weka lugha hizo ubaoni. Kazi yenyewe iko hapa. Wanafunzi wangu huandika "two books" vizuri, lakini wakisoma wanasema "two book". Si uzembe: Kifaransa kimewazoeza kwamba s ya wingi huandikwa tu, haitamkwi. Nazo lugha za nyumbani huonyesha wingi mbele: kwa Kiswahili cha kwetu mutoto, batoto, kwa Mashi omwana, abana, kwa Lingala mwana, bana. Sikio linangoja wingi kichwani mwa neno, Kiingereza kinauficha mkiani. Walete maneno wenyewe, kila lugha na mstari wake, wazungushie duara sehemu inayobadilika. Chini kabisa andika "book, books", uulize duara liende wapi.

Fanya vilevile kwa "his" na "her". "Mama yake" haisemi kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na "sa mère" ya Kifaransa humfuata mama. Ndiyo maana unasikia "Paul and her mother". Kiingereza kinamtazama mtoto.

Hatua ya 3. Kabla ya kuandika, wape dakika 10 wajadiliane kwa lugha wanayotaka. Kelele zitakuwepo. Mweleze prefe, yaani mkuu wa shule, mapema, asidhani darasa limekushinda.

Hatua ya 4. Waandike habari ya kwao, waliyoiuliza kwa wazazi. Mmoja, wazazi wake wametoka kisiwa cha Idjwi, alihangaika kutafuta jina la sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa Kiingereza. Nikamwambia aache, wa ziwa letu abaki na jina lake. Akasoma: "My mother sell sambaza." Nilisahihisha s moja tu.